Amplifaya ya kujitengenezea

Amplifaya ya kujitengenezea (pia: kikuza sauti cha kujitengenezea) ni kifaa cha kielektroniki kinachoundwa na fundi au mwanafunzi kwa mikono yake, badala ya kununuliwa kikiwa tayari kutoka kiwandani, ili kukuza ishara ndogo ya sauti hadi iweze kuendesha spika. Ishara hiyo hutoka kwenye simu, redio, maikrofoni, kinanda au gita.

Katika Afrika ya Mashariki vifaa vya namna hii hutumika majumbani, katika saluni, vibanda umiza, makanisa, misikiti, harusi na magari ya matangazo. Makala hii inaeleza jinsi amplifaya inavyofanya kazi, jinsi inavyojengwa na jinsi hitilafu zake zinavyotafutwa, kwa kuzingatia mazingira ya mitaa ya mijini kama Mabatini, jijini Mwanza, nchini Tanzania.

## Namna inavyofanya kazi

Watu wengi hudhani kwamba amplifaya huitengeneza nguvu inayosikika kwenye spika. Sivyo. Nguvu yote hutoka kwenye chanzo cha umeme, yaani betri au umeme wa nyumbani uliopunguzwa na transfoma. Kazi ya amplifaya ni kuitawala nguvu hiyo. Ishara ndogo inayoingia hufanya kama mkono unaofungua na kufunga bomba: mkono una nguvu kidogo, lakini maji yanayopita ni mengi, nayo yanatoka kwenye tangi, si mkononi.

Kutokana na ukweli huo yanafuata mambo mawili. Kwanza, amplifaya haiwezi kutoa nguvu kubwa kuliko ile ambayo chanzo chake kinaweza kutoa, hata ikiwa na transista nyingi kiasi gani. Pili, anayejenga au kutengeneza amplifaya huanza na chanzo cha umeme kabla ya kugusa sehemu nyingine.

Kifaa kinachofanya kazi ya bomba ni transista. Katika amplifaya nyingi transista za mwisho hufanya kazi mbilimbili: moja husukuma nusu ya juu ya wimbi la sauti na nyingine huvuta nusu ya chini. Ili nusu hizo mbili ziungane bila pengo, mkondo mdogo huachwa upite katika transista zote mbili hata pasipo na sauti. Mpangilio huu huitwa daraja la AB. Amplifaya za kisasa za daraja la D huwasha na kuzima transista zake mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa hiyo hupoteza nishati kidogo zaidi kama joto.

Jambo lingine la msingi ni mrejesho hasi. Sehemu ndogo ya sauti inayotoka hurudishwa mwanzoni ili ilinganishwe na ile iliyoingia, na tofauti kati yao husahihishwa. Kwa njia hii sauti hupungukiwa kukwaruza, na kiwango cha ukuzaji huamuliwa na resista mbili tu. Kwa mfano, resista ya kiloomu 22 ikiwekwa pamoja na ya omu 680, ukuzaji huwa 1 + (22,000 ÷ 680), yaani takriban mara 33.

## Historia

Kukuza sauti kwa umeme kuliwezekana baada ya Mmarekani Lee de Forest kubuni valvu yenye ncha tatu mwaka 1906. Mrejesho hasi ulibuniwa na Harold Black wa Marekani mwaka 1927. Mwaka 1947 John Bardeen na Walter Brattain walionyesha transista ya kwanza katika maabara ya Bell, walikofanya kazi pamoja na William Shockley. Mwaka huohuo D. T. N. Williamson wa Uingereza alichapisha katika jarida la Wireless World mchoro wa amplifaya ya valvu ambao wapenda ufundi wengi waliujenga nyumbani.

Nchini Tanganyika utangazaji wa redio ulianza mwaka 1951 kwa kituo cha Dar es Salaam, na mwaka 1965 ikaundwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio za transista zilizotumia betri kavu zilifika hata vijiji visivyo na umeme, na pamoja nazo likaenea jina la kazi mpya: fundi redio. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo binafsi, muziki uliongezeka hewani. Baadaye vikaja vipaza sauti vya bei nafuu vinavyoitwa sabufa. Vingi kati ya hivyo vikiharibika huishia mezani kwa fundi, ama kutengenezwa ama kuvuliwa vipuri.

Mfano unaojulikana kimataifa wa ufundi wa aina hii umetoka Kinshasa. Kundi la Konono No. 1, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi, lilikuza sauti ya likembe kwa maikrofoni zilizotengenezwa kwa mikono kutokana na vyuma vya magari makuukuu. Kukwaruza kwa vyombo hivyo kukawa alama ya muziki wao, na albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004 iliwapatia wasikilizaji Ulaya na Marekani.

## Mazingira ya Mabatini

Mabatini ni kata ya Wilaya ya Nyamagana katika Jiji la Mwanza. Jiji lenyewe limejengwa juu ya vilima vya miamba kando ya Ziwa Victoria, na Mto Mirongo hupita Mabatini ukielekea ziwani. Kwa mjenzi wa amplifaya mazingira haya yana maana ya kiufundi.

Mvua kubwa zinaponyesha, Mirongo hufurika na maji huweza kuingia katika nyumba za bondeni. Amplifaya iliyowekwa sakafuni, pamoja na kebo yake ya kurefusha umeme, huwa hatari ya kwanza ndani ya chumba. Inafaa ikae juu ya meza au rafu, na plagi ichomolewe maji yanapoanza kuingia, kabla hayajafika kwenye soketi. Unyevu huleta pia kutu kwenye viungo. Vumbi huziba nafasi za hewa, na mende na mijusi hupenda kujificha ndani ya kasha lenye joto. Mjusi mmoja akigusa ncha mbili zenye umeme anatosha kusababisha shoti. Matundu ya hewa yanahitajika, lakini yafunikwe kwa wavu mwembamba wa waya.

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50, lakini volteji katika mitaa yenye watumiaji wengi hupanda na kushuka. Umeme ukirudi baada ya kukatika unaweza kuja na msukumo mkubwa. Kwa sababu hiyo amplifaya haijengwi kwa kuzingatia volti 230 kamili tu, bali huachiwa nafasi ya ziada.

## Sehemu kuu

Amplifaya ya kawaida inayotumia umeme wa nyumbani ina sehemu zifuatazo:

- Plagi, swichi na fyuzi. Fyuzi hukaa kwenye waya wenye umeme, kabla ya transfoma.
- Transfoma. Hupunguza volti 230 na kuitenga saketi na umeme wa nyumbani. Transfoma yenye waya wa katikati, kwa mfano 12-0-12, hutoa upande chanya, sifuri na upande hasi.
- Daraja la diodi. Hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu.
- Kapasita kubwa za kuchuja. Hulainisha mkondo huo na kuhifadhi akiba kwa ajili ya mapigo ya ngoma na besi. Mikrofaradi 4,700 kwa kila upande hutosha kwa amplifaya ndogo.
- Bodi ya ukuzaji. Huwa na chipu moja, ambayo mafundi huiita aisii, au transista kadhaa.
- Bamba la kupozea. Ni aluminiamu nene yenye mapezi, inayoondoa joto la chipu au transista.
- Kidhibiti sauti, soketi za kuingizia na ncha za spika.

Miongoni mwa chipu zinazojulikana ni LA4440, iliyobuniwa kwa ajili ya redio za magari zenye volti 12. TDA2030A na TDA2050 kwa nguvu ndogo. LM3886 na TDA7294 kwa nguvu kubwa zaidi. Katika saketi za transista hutumika jozi kama 2N3055 na MJ2955, au 2SC5200 na 2SA1943. Jozi hii ya pili hughushiwa mara nyingi: ndani ya umbo kubwa huwekwa kipande kidogo kisichoweza kubeba mkondo ulioandikwa. Kipuri kilichovuliwa kwenye kifaa halisi kilichokufa, kikipimwa na kuonekana kizima, huweza kuwa bora kuliko kipya cha bei ya kutupa.

## Kukokotoa nguvu

Nguvu inayofika kwenye spika huamuliwa na volteji ya chanzo na ukinzani wa spika. Kilele cha wimbi huzidishwa kwa chenyewe, kisha hugawanywa kwa mara mbili ya ukinzani.

Chukua amplifaya inayotumia betri ya gari ya volti 12 na spika ya omu 4. Wimbi linaweza kupanda volti 6 tu na kushuka volti 6. Nguvu yake ya juu kabisa ni 6 × 6 ÷ (2 × 4), yaani wati 4.5. Zikiunganishwa amplifaya mbili zinazovuta spika moja kutoka pande zote mbili, kilele hufika volti 12 na nguvu kuwa wati 18. Kupita hapo, betri hiyohiyo haiwezi bila saketi ya kupandisha volteji kwanza. Kifaa cha volti 12 kinachodai wati 1,000 bila saketi hiyo kinadai kisichowezekana.

Sasa chukua transfoma ya 12-0-12. Volti 12 za mkondo geu zikizidishwa kwa 1.41 hutoa karibu volti 17. Diodi hula takriban volti 1, na zinabaki volti 16 kila upande. Chipu yenyewe huhitaji kiasi cha volti 3, hivyo kilele ni volti 13. Kwa spika ya omu 8 nguvu ni 13 × 13 ÷ 16, yaani wati 10 hivi. Ili kufika hapo kwa ukuzaji wa mara 33, ishara inayoingia inahitaji kuwa takriban volti 0.28, kiasi ambacho simu nyingi huweza kutoa.

Wati 10 za kweli hujaza chumba. Sikio halihesabu wati moja moja: kuongeza nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, ambazo msikilizaji huziona kuwa badiliko dogo. Ili sauti isikike kama imeongezeka mara mbili, nguvu huhitaji kuongezwa karibu mara 10. Kwa hiyo spika bora iliyofungwa katika sanduku imara la mbao mara nyingi huleta faida kubwa kuliko transista za ziada.

Njia rahisi ya kupima ukweli wa wati zilizoandikwa kwenye kasha ni kutazama fyuzi. Fyuzi ya ampea 1 kwenye umeme wa volti 230 hairuhusu zaidi ya wati 230 hivi kupita kwa muda mrefu. Kifaa chenye fyuzi hiyo na maandishi ya wati 3,000 kimejisifu.

## Kuchagua transfoma na chipu

Kosa linaloua chipu nyingi hutokea dukani, kabla ya kulehemu. TDA2050 ina kikomo cha volti 25 kila upande. Transfoma ya 18-0-18 hutoa karibu volti 24.5 baada ya kunyooshwa na kuchujwa, na kwa macho inaonekana inafaa. Lakini transfoma ndogo hutoa volteji ya juu zaidi inapokuwa haina mzigo, na umeme wa mtaani ukipanda kwa asilimia 10 volti hizo huzidi 26. Chipu hufa usiku, wakati watumiaji wengine wamezima vifaa vyao na volteji imepanda, na mwenye kifaa hubaki akilaumu spika.

Vivyo hivyo, TDA2030 ya kawaida ina kikomo cha volti 18, lakini TDA2030A inafika volti 22. Herufi moja mwishoni mwa jina inatosha kuamua kama transfoma ya 12-0-12 ni salama au la.

Ukubwa wa transfoma hukokotolewa pia. Amplifaya ya daraja la AB hugeuza takriban asilimia 60 ya nishati kuwa sauti inapofanya kazi kwa nguvu, na iliyobaki huwa joto. Pande mbili za wati 10 huhitaji kiasi cha wati 33 kutoka kwenye transfoma, hivyo transfoma ya wati 40 hadi 60 inafaa.

## Utaratibu wa kujenga

Ujenzi huenda hatua kwa hatua, na kila hatua hupimwa kabla ya kuendelea.

1. Chanzo cha umeme hujengwa peke yake na kupimwa. Pande zote mbili zionyeshe volti zinazokaribiana, moja chanya na nyingine hasi.
2. Bodi hulehemiwa kuanzia vipuri vifupi: resista kwanza, kisha kapasita, mwisho chipu au transista. Kiungo kizuri hung'aa na kushika pande zote. Kiungo kilichofifia na kuviringika kama shanga huenda hakijashika.
3. Mwelekeo wa diodi na kapasita zenye chanya na hasi huhakikishwa mara mbili. Kapasita iliyogeuzwa inaweza kulipuka.
4. Chipu hufungwa kwenye bamba la kupozea. Mgongo wa TDA2030A umeunganishwa na upande hasi wa umeme, na kasha la chuma la 2N3055 ni ncha yake mojawapo. Hivyo huwekwa kipande cha ulanga kati ya kipuri na bamba, pamoja na kizibo cha plastiki kwenye skrubu. Ulanga hupitisha joto na kuzuia umeme.
5. Kapasita ndogo za mikrofaradi 0.1 hulehemiwa karibu kabisa na miguu ya umeme ya chipu. Zisipokuwepo, chipu inaweza kutetema kwa mawimbi yasiyosikika na kuungua.
6. Nyaya zote za sifuri hukutana mahali pamoja, kati ya kapasita mbili kubwa. Waya wa ishara huwa wenye koti la kukinga na hupitishwa mbali na transfoma.

Kasha la chuma huunganishwa na waya wa ethi wa plagi yenye pini tatu. Ethi hiyo haikatwi kwa sababu ya kuondoa mvumo; dawa ya mvumo iko kwingine, kama inavyoelezwa hapa chini.

## Kuwasha mara ya kwanza

Amplifaya mpya, au iliyotoka kutengenezwa, huwashwa kwa mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 hadi 100 iliyofungwa mfululizo kwenye waya wenye umeme. Balbu ikimulika kwa nguvu kisha kufifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti kubwa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, na kwa kuwa balbu imebeba umeme huo vipuri huweza kupona. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii.

Balbu hiyo hulinda vipuri, haimlindi mtu. Volti 230 bado zipo kwenye nyaya.

Spika haiungwi bado. Kwanza hupimwa mkondo mnyoofu kwenye ncha za spika. Kipimo kiwe karibu na sifuri, chini ya milivolti 50 kwa amplifaya iliyo nzima. Kikiwa volti 20 au zaidi, transista moja ya mwisho imeshika, na spika ikiungwa koili yake itapata joto la karibu wati 100 bila kutoa sauti na kuungua kwa sekunde chache. Vipimo vikiwa vizuri, huungwa spika ya zamani isiyo na thamani, na muziki huchezwa kwa sauti ndogo.

## Kutafuta hitilafu

Fundi mwenye utaratibu hufuata njia ya umeme kutoka kwenye plagi hadi kwenye spika. Kubadilisha vipuri kwa kubahatisha hugharimu pesa na mara nyingi huongeza hitilafu ya pili. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mita ya kawaida, balbu ya mfululizo, kifaa cha kulehemu na macho. Kuangalia huja kwanza: kapasita iliyovimba, resista iliyobadilika rangi, waya uliokatika, harufu ya kuungua.

- Haiwaki kabisa. Hupimwa soketi, waya, fyuzi, swichi, kisha transfoma. Upande wa volti 230 wa transfoma usipoonyesha ukinzani wowote unaopimika, waya wake au fyuzi yake ya ndani ya joto imekatika.
- Fyuzi hukatika kila inapowashwa. Bodi hutenganishwa na chanzo. Fyuzi ikiendelea kukatika, tatizo ni daraja la diodi, kapasita au transfoma. Isipokatika, tatizo ni bodi, na kwa kawaida ni transista za mwisho au chipu. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuifunga kwa waya, hugeuza hitilafu ya shilingi chache kuwa moto.
- Inawaka lakini haina sauti. Volti za pande zote mbili zikiwepo, ishara hufuatiliwa hatua kwa hatua kutoka soketi ya kuingizia. Waya wa simu na kidhibiti sauti huharibika mara nyingi kuliko chipu. Spika hupimwa pia: ya omu 8 huonyesha kati ya omu 6 na 7 kwenye mita; isipoonyesha chochote koili imekatika.
- Mvumo. Sauti ikipunguzwa hadi mwisho na mvumo ukabaki, chanzo chake kiko baada ya kidhibiti: kapasita za kuchuja zilizochoka au nyaya za sifuri zilizopangwa vibaya. Mvumo ukitoweka, unaingia kupitia waya wa ishara.
- Sauti inakwaruza ikiwa ndogo. Mkondo wa utulivu wa transista za mwisho ni mdogo mno, na nusu mbili za wimbi haziungani.
- Sauti inakwaruza ikiwa kubwa tu. Chanzo kimefika mwisho wake. Volti hupimwa muziki ukichezwa. Zikianguka sana, transfoma ni ndogo au kapasita zimechoka.
- Inapata joto bila kucheza. Mkondo wa utulivu ni mkubwa mno, au saketi inatetema. Transista ya kurekebisha mkondo huo hupaswa kugusa bamba la kupozea, ili joto likipanda ipunguze mkondo.
- Inacheza kisha inakatika, inarudi ikipoa. Chipu imejikinga dhidi ya joto. Bamba ni dogo, hewa haipiti, au spika kadhaa zimeungwa sambamba na kushusha ukinzani. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba huwa omu 2, mzigo ambao chipu nyingi haziwezi.

Transista hupimwa kwa mita iliyowekwa kwenye alama ya diodi. Kati ya besi na emita mita huonyesha karibu volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na kutoonyesha kitu upande wa pili. Ikionyesha sifuri kati ya kolekta na emita, transista imekufa kwa shoti. Transista ya mwisho ikifa, wenzake wanaoisukuma na resista ndogo za emita hupimwa kabla ya kuweka mpya, la sivyo mpya nayo hufa papo hapo.

## Usalama

Volti 230 huua. Kazi ndani ya kasha hufanywa plagi ikiwa imechomolewa, wala si kwa kuzima swichi tu. Kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya plagi kutolewa. Huondolewa umeme huo kwa kuziunganisha kwa resista ya omu 470 hivi, ya wati 5, kwa nusu dakika, kisha hupimwa. Kuzigusisha kwa bisibisi hutoa cheche na kuharibu kapasita.

Inapobidi kupima kifaa kikiwa kinawaka, fundi husimama mahali pakavu akiwa amevaa viatu, hutumia mkono mmoja, na hafanyi kazi akiwa peke yake. Saketi za kuchaji na vyanzo vya umeme visivyo na transfoma kubwa, kama vile vya televisheni, vina sehemu zilizounganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumbani na havimfai anayeanza. Mwanafunzi huanza salama kwa betri ya volti 12 na chipu ndogo.

## Kelele na sheria

Amplifaya iliyojengwa vizuri inaweza kudhuru masikio na ujirani. Wataalamu wengi wa afya kazini hutumia kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8. Kwa kila ongezeko la desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Nchini Tanzania kelele husimamiwa na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ni miongoni mwa wasimamizi wake. Katika mitaa ya milimani ambako nyumba zimebanana, spika moja iliyoelekezwa bondeni husikika na kaya nyingi, na kuigeuza spika ielekee ndani mara nyingi humaliza ugomvi kabla haujafika kwa mwenyekiti wa mtaa.

## Umuhimu wake katika elimu

Mwanafunzi anayejenga amplifaya moja ya wati 10 hukutana kwa vitendo na sheria ya Ohm, mkondo geu na mkondo mnyoofu, uhifadhi wa nishati, joto na mawimbi, mambo ambayo katika fizikia ya sekondari mara nyingi hubaki ubaoni. Wanaotaka kuendelea hupata mafunzo ya umeme na elektroniki katika vyuo vya ufundi, vikiwemo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na yenye chuo jijini Mwanza. Wengine hujifunza kwa kukaa na fundi mtaani.

Njia zote mbili humfikisha mtu kwenye ujuzi wenye soko. Kinachomtofautisha fundi wa kuaminika ni kwamba hupima kabla ya kubadilisha kipuri, humweleza mteja wati za kweli, na hakirudishi kifaa chenye fyuzi iliyofungwa kwa waya.